Simama Useme Kabla Woga Haujaisha: Mwongozo kwa Anayeshika Maiki Mara ya Kwanza

Kila nikimaliza kuongoza kikao, kuna mtu hunifuata pembeni wakati viti vinakusanywa. Swali huwa lilelile. "Dada, wewe huogopi? Mimi nikipewa maiki miguu inaisha nguvu. Nifanyeje nijiamini kwanza, ndipo nianze kusema?" Mwezi uliopita wameniuliza watu watatu, mmoja wao baba mtu mzima mwenye wajukuu. Nimeona bora niandike mara moja, nikiulizwa tena nimtumie mtu asome.

Tatizo liko kwenye hilo neno "kwanza". Mimi nililisubiri tangu nikiwa kidato cha nne mpaka nikafika miaka 32. Kila kikao nilijiambia kijacho nitakuwa sawa. Siku babu yetu alipofariki, nikaambiwa nitoe neno la shukrani kwa niaba ya wajukuu, nikasimama na karatasi iliyokuwa ikitetemeka hadi waliokaa safu ya tatu wakaisikia. Nilisoma mistari minne, nikakaa. Ilikuwa vibaya, na bado hakuna aliyenicheka. Miezi miwili baadaye nikaomba kusoma mapato ya kikoba. Kujiamini kulikuja kwenye kikao cha sita au cha saba, tena bila taarifa: nilijikuta nimeshika maiki huku akili inawaza kama ubwabwa wa wageni utatosha.

Mwongozo huu ni wa mtu wa kawaida: anayetakiwa kushukuru msibani, kutambulisha ndugu kwenye send-off, kusoma taarifa ya kikundi, au kuinua mkono kwenye kikao cha wazazi na kusema kinachomkera. Mwanasiasa na mhubiri watafute kwingine.

Jambo moja tulielewe kabla hatujaendelea. Kuwa tayari na kujisikia tayari ni vitu viwili. Kuwa tayari ni kazi ya mikono: unajua utasema nini, kwa dakika ngapi, utaanzaje na utaishia wapi. Hiyo kazi lazima uifanye, sikusamehi hata kidogo. Kujisikia tayari ni hali ya moyo, inakuja inapotaka. Ninachokuambia usikisubiri ni hicho cha pili.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Kikao halisi chenye tarehe. "Siku moja nitajaribu" haina tarehe.
- Jambo moja la kusema. Ukiwa na mambo mawili, moja libaki nyumbani.
- Daftari dogo lenye jalada gumu. Karatasi tupu hukusaliti. Mkono ukitetemeka kidogo, karatasi inatetemeka mara kumi.
- Simu yenye kinasa sauti.
- Mtu mmoja atakayekuwepo ukumbini na anayejua kwamba leo unasema. Mimi namwita shahidi.
- Chupa ya maji.

Huhitaji suti mpya, Kiswahili cha mtangazaji wa redio, wala ruhusa ya mtu aliyesoma kukuzidi.

Hatua kwa hatua

1. Chagua kikao kidogo, cha karibu, chenye watu wanaokujua

Fungua kalenda ya simu, tafuta kikao kitakachofanyika ndani ya siku 14. Zaidi ya hapo utapata nafasi ya kujitungia sababu. Kikao cha kikoba, jumuiya ndogondogo, kamati ya harusi ya binamu, wazazi shuleni, wafanyakazi Jumatatu asubuhi, vyote vinafaa. Kama unaishi kijijini Tanzania, kumbuka kwamba mkutano mkuu wa kijiji ni wako kisheria: kila mkazi wa kijiji aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe wake, kwa hiyo kuinua mkono pale ni haki yako. Kwa wenzetu wa Kenya, baraza la chifu litakufaa vilevile.

Wengi wanaoanza hupenda kujaribia kwa watu wasiowajua, wakidhani aibu itakuwa ndogo. Nilijaribu hivyo kwenye semina moja hotelini, nikajuta. Mtu asiyekujua hana sababu ya kukuvumilia. Ukikwama anarudi kwenye simu yake. Wanaokujua, ukikwama watakuambia "endelea mama, tunakusikia". Mcheza kwao hutunzwa.

Tahadhari: usikubali kuwa MC wa harusi ya watu 300 kama mazungumzo yako ya kwanza, hata kama bibi harusi ni rafiki yako wa damu. Kuruka hatua namna hiyo kunaweza kukurudisha nyuma mwaka mzima.

2. Toa ahadi kabla hujapata ujasiri

Hatua hii ndiyo inayobeba mwongozo wote, usiipite haraka. Mwandikie mwenyekiti au katibu leo hii, kabla hujamaliza kusoma ukitaka:

"Mwenyekiti, habari za leo. Jumamosi kwenye mengineyo naomba dakika mbili. Nina jambo kuhusu faini za wachelewaji."

Bonyeza kutuma. Usilale nayo, maana ukilala nayo asubuhi utaifuta.

Tazama huo ujumbe una nini ndani yake. Kuna "mengineyo", ajenda ya mwisho ambayo watu huwa wamechoka na hawana hamu ya kumkosoa mtu. Kuna dakika mbili, ambazo hata aliyekufa ganzi anaweza kuzimaliza. Kuna mada iliyotajwa, kwa hiyo huwezi kubadilisha mawazo ukumbini na kusema "nilitaka kusalimia tu". Jina lako likishaandikwa kwenye ajenda, aibu ileile iliyokuwa inakugandisha kwenye kiti inageuka na kuanza kukusukuma usimame, kwa sababu sasa kukaa kimya ndiko kutakakoonekana.

Kuna kisa ninachokipenda kuhusu jambo hili. Mohandas Gandhi, yule aliyekuja kuongoza India kudai uhuru, alirudi kwao kutoka Uingereza mwaka 1891 akiwa wakili kamili. Kesi yake ya kwanza huko Bombay ilikuwa ndogo sana, ada yake rupia 30. Alisimama ahoji mashahidi wa upande wa pili, kichwa kikamzunguka, hakuona hata swali moja la kuuliza. Akakaa chini, akarudisha ada, kesi ikapewa wakili mwingine. Mwaka 1893 akapanda meli kwenda Afrika Kusini, meli ambayo njiani ilitia nanga Lamu, Mombasa na Zanzibar. Alipofika Pretoria, kabla hata hajazoea mji, aliitisha mwenyewe mkutano wa Wahindi wenzake na kuwahutubia kuhusu ukweli katika biashara. Baadaye aliandika kwamba hiyo inaweza kuitwa hotuba yake ya kwanza ya hadhara maishani. Mkutano kaitisha yeye, mada kaiandaa yeye, angeukimbiaje?

3. Andika sentensi ya kwanza, sentensi ya mwisho, na vichwa vitatu

Sentensi mbili hizo ziandike neno kwa neno. Katikati weka vichwa tu. Hivi:

Mwanzo: "Habari za jioni, ndugu wanachama. Nina jambo moja kuhusu faini."
– mwezi jana tulichelewa 9 kati ya 22
– faini ya shilingi 1,000 haimuumizi mtu
– tuanze saa 10 kamili, daftari la mahudhurio lifungwe saa 10:20
Mwisho: "Naomba mwenyekiti alifungue tulijadili. Asanteni."

Basi. Mfano mwingine, kwa sababu msiba haukupi siku 14 za kujiandaa:

Mwanzo: "Kwa niaba ya familia, nawashukuru nyote mliofika kumsindikiza mzee wetu."
– waliomuuguza, wauguzi na majirani waliokesha
– waliotoka mbali. Viongozi wa dini
– ratiba: chakula, na kikao cha familia kesho
Mwisho: "Kama kuna mtu marehemu alikuwa na deni lake, au anayedaiwa na marehemu, tunaomba amwone kaka yetu mkubwa. Asanteni sana."

Sababu ya kutoandika kila kitu ni hii: ukiandika hotuba nzima utaisoma, ukiisoma macho yatazama kwenye daftari, na ukipoteza mstari hutaupata tena mbele ya watu. Vichwa vitatu unavipata kwa kutupa jicho. Isipokuwa majina, vyeo na tarakimu. Hivyo andika vyote, kwa herufi kubwa. Nimewahi kumwita diwani kwa jina la diwani aliyemtangulia. Alitabasamu, lakini naliona lile tabasamu mpaka leo.

Kuhusu itifaki: kama msemaji aliyekutangulia ameshawataja wageni wote, sema "itifaki imezingatiwa" na uendelee. Kuwarudia wote kumi na mmoja ni kuwachosha watu na kujipa nafasi kumi na moja za kukosea.

4. Sema kwa sauti, umesimama, mara tano

Kusoma kimya kitandani hakuhesabiki. Kinywa kina kumbukumbu yake, na miguu ina yake. Simama jikoni au uani, shika daftari kama utakavyolishika, sema kuanzia salamu hadi asanteni. Mara ya tatu jirekodi kwa simu, ujisikilize mara moja tu kwa ajili ya mambo mawili: umetumia dakika ngapi, na je, mwisho wa sentensi sauti inazama? Sauti yako utaiona ngeni na ya ajabu. Kila mtu huiona hivyo ya kwake, kwa sababu siku zote anaisikia ikipitia pia kwenye mifupa ya kichwa chake, na simu haina mifupa. Usiihukumu, pima muda uache.

Ukizidi dakika mbili, toa kichwa kimoja. Usiongeze mwendo.

5. Fika mapema

Kaa mbele au kwenye kiti cha pembeni, usije ukalazimika kuwaruka watu ukiitwa. Ongea na watu wawili kabla ya kikao, habari zozote tu, ili ukisimama uone nyuso ulizokwisha kusalimia. Kama kuna maiki, muombe fundi mitambo akuonyeshe kitufe cha kuwashia. Kunywa maji, nenda msalani. Hatua hii imeisha.

6. Zipange sekunde 30 za kwanza kama mtu anayewasha jiko

Hapa ndipo woga huwa juu kabisa, na watu wengi wakizivuka sekunde hizi, safari iliyobaki ni mteremko. Kwa hiyo usiziache zijiendee. Fuata mpangilio:

Simama. Panga miguu, uzito uwe kwenye yote miwili. Ukisimama kwa mguu mmoja utayumba kama mnazi. Nyamaza. Vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita. Wewe utaona umenyamaza mwaka mzima. Waliokaa wataona umetulia. Tafuta uso mmoja wa kirafiki, ndiyo kazi ya shahidi wako. Salimia, usubiri waitikie. Usikimbie hapa! Salamu ni zawadi ya Waswahili kwa msemaji mwoga: unasema neno moja, ukumbi mzima unakujibu, na wewe unapata sekunde tatu za kupumua. Kama kadamnasi ni ya dini mchanganyiko, toa salamu zote mbili, utapata majibu mawili na pumzi mbili. Kisha sema ile sentensi ya kwanza uliyoiandika, bila kubadilisha hata neno.

Maiki nayo ina adabu zake. Ishike kwenye mpini. Ukiifunika kichwa kwa kiganja sauti inakuwa kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Iweke umbali wa vidole vinne hivi kutoka mdomoni, chini kidogo ya midomo, na iufuate uso unapogeuka. Usiigonge wala usiipulizie kujaribu, sema tu "habari za jioni", salamu yenyewe ndiyo jaribio. Usisimame mbele ya spika wala usiielekeze kwenye spika, itapiga mluzi. Ikipiga mluzi, rudi nyuma hatua mbili na usicheke kwa aibu. Ni mitambo, haikuhusu.

7. Sema huku unaogopa

Moyo utadunda, mdomo utakauka, viganja vitalowa. Hiyo ni adrenalini, mwili umedhani umekutana na simba wakati umekutana na wanakikoba. Huna namna ya kuizima kwa amri. Ukijiambia "tulia, tulia" mara nyingi unaongeza kazi: sasa unapambana na mada na unapambana na moyo wako. Mimi hujiambia, "mwili umeamka, twende." Ukiufikiria vizuri, ni moyo uleule unaodunda mtu anapongoja penalti ya timu yake ipigwe.

Jambo linalowasaidia wengi ni kujua kwamba huo woga hauonekani kama unavyodhani. Mwaka 2003 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich, walionyesha kwamba wasemaji hukadiria woga wao unaonekana kuliko wasikilizaji wanavyouona kweli. Na waliodokezwa jambo hilo kabla ya kusimama walizungumza vizuri zaidi. Sasa na wewe umedokezwa.

Tua kila baada ya kichwa. Tupa jicho kwenye daftari, inua uso, ndipo useme. Usiseme huku unatazama chini, maneno yanaangukia miguuni mwako na waliokaa nyuma hawapati kitu.

8. Sema sentensi ya mwisho, kaa

Watu huharibu hapa kuliko mahali pengine popote. Wamemaliza salama, halafu wanaongeza, "eeh, kwa hiyo, sijui kama nimeeleweka, sina mengi, ni hayo tu, naomba radhi kama nimemkwaza mtu." Sema ile sentensi uliyoandika, rudisha maiki, kaa. Wakipiga makofi sawa, wasipopiga pia sawa. Vikao vingi vya maana havina makofi.

9. Usiku uleule, andika mistari mitatu na uombe nafasi nyingine

Kwenye daftari lilelile andika: nilichoogopa kingetokea, kilichotokea kweli, nitakachobadilisha safari ijayo (kimoja tu). Mimi nina daftari la miaka minne. Mstari wa kwanza umejaa majanga: nitazimia, watacheka, nitasahau jina langu. Wa pili una mambo kama "maiki ilizima" na "mzee mmoja alilala". Bila kuandika, akili hutunza woga na kusahau matokeo.

Mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika mwaka 1977 kwamba chanzo chenye nguvu kuliko vyote cha mtu kuamini kwamba anaweza ni kuwa ameshafanya mwenyewe. Maneno ya kutiwa moyo yamo kwenye orodha yake, lakini yako chini. Ndiyo maana sikutii moyo sana hapa, nakutuma kwenye kikao.

Ndani ya siku saba tuma ujumbe mwingine. Panda ngazi taratibu, kila daraja urudie mara mbili au tatu kabla ya kupanda lingine: kuuliza swali moja, kutoa tangazo la dakika moja, kuleta hoja ya dakika mbili, kusoma taarifa na kujibu maswali, kutambulisha ndugu kwenye sherehe, kuongoza kikao kizima. Ukiteleza kwenye daraja, shuka moja, usishuke zote.

Makosa ninayoyaona kila mara

Kuanza kwa kujishusha. "Mimi si msemaji mzuri, mtanisamehe." Kabla ya hapo hakuna aliyekuwa anakagua usemaji wako, sasa umewapa kazi.

Kunywa kidogo "kutoa aibu". Pombe inatoa aibu kweli, pamoja na mpangilio, saa na busara. Nimeona neno la dakika tatu likigeuka nusu saa ya historia ya ukoo, na mambo mawili yaliyotajwa siku ile bado yanajadiliwa na mawakili.

Kuazima vidonge. Kuna dawa za moyo ambazo baadhi ya watu hupeana ili wasitetemeke. Kwa mwenye pumu zinaweza kuwa hatari kubwa. Kama unadhani unahitaji dawa, hiyo ni habari ya daktari, si ya shoga yako.

Kuchekesha kwa mara ya kwanza. Utani una saa yake, na msemaji mgeni hajui saa hiyo. Zaidi sana utani unaomhusu mtu aliyepo ukumbini. Ungoje ufike kikao cha kumi.

Kukariri kama shairi. Ukisahau neno moja, beti zote zinafuata.

Ukikwama

Sauti inatetemeka. Ongeza sauti kidogo, kama unamwita mtu aliye ng'ambo ya uwanja. Sauti ndogo hutetemeka zaidi kwa sababu pumzi inayoisukuma ni haba. Na fupisha sentensi.

Nimesahau kila kitu. Tazama daftari. Usijieleze. Kama hata daftari halisaidii, rudia kichwa cha mwisho ulichosema kwa maneno mengine, mara nyingi kinachofuata hujitokeza. Kikikataa, nenda moja kwa moja kwenye sentensi ya mwisho. Hakuna aliye na nakala ya ulichokusudia kusema, kwa hiyo hakuna atakayejua.

Machozi yamenishika msibani. Nyamaza, shusha maiki, pumua. Hapo mahali ndipo pa kulia, hakuna aibu. Mpange ndugu mmoja mapema, mwenye nakala ya vichwa, akae karibu na kukupokea ikishindikana. Kupokewa siyo kushindwa. Mwaka jana nilimpokea shangazi yangu, na watu wanakumbuka alichosema yeye, hawanikumbuki mimi.

Watu wanaongea huku nasema. Usishindane nao kwa kupaza. Nyamaza, uwatazame kwa upole. Ukimya hupita ukumbini haraka. Ukishindikana, hiyo ni kazi ya mwenyekiti: "Mwenyekiti, naomba utulivu nimalizie dakika moja."

Nina kigugumizi. Hatua zote zinakufaa, isipokuwa chagua sentensi ya kwanza yenye maneno yasiyokusumbua, na usikubali kukimbizwa. Ukipenda, waambie mwanzoni: "Nina kigugumizi, nitachukua muda kidogo zaidi." Huko si kujishusha, unawapa taarifa, na nimeona watu wakitulia zaidi baada ya kuisikia.

Lafudhi yangu ya kikabila inanitia haya. Uliza waliokaa pale, nusu yao wana ya kwao. Kinachowakera wasikilizaji ni kutosikika na kuzungushwa.

Nimeulizwa swali nisilolijua. "Hilo sina jibu lake sasa, nitalileta kikao kijacho." Kisha ulilete kweli. Mweka hazina aliyewahi kusema hivi na akatimiza, huaminiwa kuliko anayebahatisha tarakimu papo hapo.

Nimeitwa ghafla bila kujiandaa. Sentensi tatu zinatosha: nashukuru kwa nafasi, jambo moja lililonigusa leo ni hili, nawatakia hili. Kaa. Ziweke kichwani tangu leo, maana kwenye harusi zetu MC anaweza kukuona tu umekaa vizuri akasema "sasa mjomba atatoa neno".

Nimeshasema mara tatu na bado naogopa. Angalia daftari, si moyo. Je, mara ya tatu ulimaliza? Ulitazama watu zaidi? Sauti ilitulia dakika ya kwanza badala ya ya pili? Hayo ndiyo maendeleo. Wengine woga wa kabla ya kusimama hauishi kabisa, unafupika tu. Wangu siku hizi unadumu kutoka ninapoitwa mpaka ninapofika mbele, hatua kama nane hivi.

Woga umezidi vikao. Kama unakukatisha masomo, unashindwa kula mbele za watu, kupokea simu au kwenda kazini, mwongozo huu ni mdogo mno kwako. Nenda hospitali uulizie huduma za afya ya akili, umwone mtaalamu. Woga wa namna hiyo unatibika.

Kikao kimeahirishwa. Utafurahi, nakujua. Muulize katibu tarehe mpya leo hiihii, na umkumbushe kwamba kwenye mengineyo bado una dakika zako mbili.